Mkono Uliotoka Kwenye Waridi

Mwanamke aliyechapwa kwenye bango la matanga ya Mama Anjelani hakuwa Mama Anjelani. Nilikaa chini ya hema, kikombe cha chai mkononi, nikamtazama mpaka chai ikapoa. Mashavu yake yalikuwa laini kama sabuni iliyotolewa kwenye karatasi sasa hivi. Meno yalikuwa meupe, yamepangwa sawasawa. Kichwani alikuwa na kilemba cha dhahabu, na nyuma yake mawingu yalikuwa yamepasuka ili mwanga umshukie yeye peke yake. Mama Anjelani niliyemjua aliuza ndagala, dagaa wa kukausha, ufukweni mwa ziwa hapa Kalemie maisha yake yote. Jua lilikuwa limemkunja uso, meno ya mbele yalikuwa na mwanya, na hakuwahi kumiliki kitu cha rangi ya dhahabu. Watu waliingia, wakainama mbele ya lile bango, wakalia. Mimi nilishikwa na kinyaa, na sitasema uongo kwamba ilikuwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, kwa njia yake. Nilijua kwa nini hapakuwa na picha ya kweli ya kutundika pale, kwa sababu nilikuwemo katika chumba ambamo uso wake ulifutwa.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka tu shuleni na diploma yangu, na kazi niliyoipata ilikuwa kwa Papa Mulongo, mwenye studio ya picha kwenye njia ya kwenda bandarini. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji na gari jekundu, na wateja walisimama mbele yake kana kwamba gari ni lao. Cha nyuma kilikuwa na meza moja tu, na juu ya meza ile tulifanya kila kitu: tulikata picha, tulikunja risiti, na saa sita tulisukuma makaratasi pembeni tukala bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Jirani yetu alikausha samaki, jenereta yetu ilikuwa nje ya dirisha, kwa hiyo chumba kilinuka petroli na samaki mwaka mzima. Tulikuwa watatu: Papa Mulongo, mimi niliyeandika na kupokea wateja, na Didier, kijana wa rika langu aliyeshika kamera, mwenye mikono myepesi na moyo ambao sikuwahi kuuona umekaa wapi.

Hadi wakati ule, kaseti za arusi tulizopiga zilisafiri. Zilipanda meli kwenda Kigoma kwa fundi mmoja, akazikata na kuziunga, kisha zikarudi wakati wowote ziwa lilipopenda. Mara nyingine zilirudi zimechanganyika, na familia ikakaa sebuleni kutazama arusi ya mtoto wao, ikaona ubatizo wa watu wa ng'ambo. Papa Mulongo alichoka kutukanwa. Alimwita mfanyabiashara aliyekuwa akivuka na vitu vya umeme, naye akaja na maboksi yake, akayafungua juu ya meza yetu, katikati ya sahani ambazo sikuwa nimeziosha bado. Papa alisema tutachagua pamoja. Nilimwamini, nikajiandaa. Nilikuwa nimesoma kila karatasi niliyoipata, na jambo lilikuwa wazi kwangu kama maji ya chungu. Tulihitaji kompyuta ya kawaida, programu nyepesi inayokata na kuunga na kupanga sauti, kifaa cha kulinda mashine umeme unapokatika, na diski kubwa ya nje ya kuhifadhia kila tulichopiga, kama kilivyotoka kwenye kamera, kabla mtu hajakigusa.

"Papa, hii programu ya kidogo inatosha," nilimwambia. "Ile ingine inaomba machini ya nguvu, na kazi yake njo maua tu. Tukamate hii, kisha tununue na disque. Kaseti zote tutakuwa tunaziweka pale."

"Kuziweka sababu ya nini?" aliuliza Papa Mulongo.

"Sababu muntu akirudi kesho kutafuta kitu yake, akute iko."

Alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyocheka mtoto anapoomba kuhifadhi mvua kwenye ndoo. "Béa mwanangu, we uko na akili ya masomo. Lakini umeshaona muntu anakuya hapa kuuliza disque? Anakuya kuona bibi-arusi anatoka mu maua. Onyesha ile tena, ndugu."

Yule mfanyabiashara alionyesha tena. Waridi jekundu lilifunguka katikati ya kioo, na ndani yake akatoka bibi-arusi fulani wa mbali, akitabasamu kama mtu aliyezaliwa na ua. Kisha ndege ilitua, mlango ukafunguka, bwana-arusi akashuka, mtu ambaye huenda hajawahi kupanda hata treni. Kisha njiwa. Kisha mioyo iliyomwagika kama maharagwe. Mwishoni akasema programu hii inaweza pia kumfunika mtu usiyemtaka: unaweka kitu juu yake, kitu kinamfuata kila aendako mpaka mwisho wa picha. Didier alisogeza kiti mbele. Papa Mulongo alipiga paja lake. Hakukuwa na haja ya kuendelea kuzungumza, na mimi nilirudi kuosha sahani. Walichukua maua, diski ikarudi kwenye boksi lake, boksi likavuka ziwa. Na kwa kuwa kaseti mpya zilikuwa za taabu kupatikana, ile iliyopiga arusi ilipiga ubatizo uliofuata, juu ya arusi.

Leo watu wanakuja kwenye kaduka kangu ka picha kuniuliza simu ipi ina kamera nzuri, programu ipi inafaa kupanga video, kompyuta ya aina gani wamnunulie kijana anayetaka kazi hii. Nawauliza kwanza watahifadhi wapi. Wananitazama kama Papa Mulongo alivyonitazama. Wanataka kujua kama inang'arisha ngozi, kama inaondoa tumbo, kama inabadilisha anga. Kijana mmoja alinionyesha picha ya nyanya yake ambayo simu ilikuwa imeichuna makunyanzi yote, akaniuliza kama si nzuri. Nilimwambia nyanya yake amefanana na yai. Alicheka, nami sikuwa natania.

Papa Mulongo alikuwa na desturi aliyoiita siku ya kuonja. Kabla hatujatoa nakala, familia ilikuja studio, ikakaa chumba cha nyuma, ikatazama kazi na kusema panapouma. Walikuja na chakula, kwa sababu watu wetu hawawezi kutazama arusi midomo mikavu. Kuonja kwa kwanza kwa arusi ya Yvette kulikuwa siku ya furaha. Yvette alikuwa binti mpole aliyelelewa na shangazi yake, Mama Anjelani, ambaye hakuzaa. Walileta bukari na samaki wa mikebuka wa kukaanga, chumba kikajaa mpaka mlangoni. Katika ukoo wao, shangazi ndiye anayemtoa binti. Anamshika mkono ndani ya nyumba, anatoka naye mbele ya watu wote, na haachii mkono ule mpaka upande wa bwana umtandikie huyo shangazi kitenge chini na kumbembeleza. Bila hivyo, hata kama padri amebariki, wakwe wanaweza kusema siku moja kwamba msichana alitoroka mwenyewe. Ndiyo sababu sehemu ile ya video ilikuwa ndefu. Mama Anjelani anatoka mlangoni, ameinua kidevu, kidole chake kidogo kimepinda kwa sababu mchi ulikiponda akiwa msichana, na mkono wa Yvette umo ndani ya mkono wake kama kitu kilichofungwa.

"Njo mi huyu?" alisema alipojiona, akaziba mdomo. "Nimezeeka hivi, na hamukuniambia?"

Chumba kizima kilicheka. Alinyanyuka kwenye kigoda, akagusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya samaki, pale kwenye uso wake, akakaa tena. Didier alisonya, akapangusa kioo kwa shati. Mimi niliona kwamba mama huyu alikuwa hajawahi kujiona akitembea. Yvette alimwegemea begani, akala kutoka kwenye sahani yake.

Kabla hatujatoa nakala, Yvette alipoteza mimba. Ni jambo linalotokea, na wanawake wa mtaa walilijua hivyo, wakampikia uji, wakamkanda. Lakini baba yake mdogo, Papa Léon, ndugu wa tumbo moja na Mama Anjelani, alikuwa amejiunga na chumba cha maombi, na mhubiri wa pale aliona katika roho kwamba mkono uliomtoa binti ndio uliomfunga. Mwanamke asiyezaa, akasema, amlee mtoto wa mwingine kwa nini? Damu nzito kuliko maji, wanasema watu. Sikuona uzito wake siku ile. Watu wa ukoo walichoma picha zote za karatasi ambamo Mama Anjelani alionekana. Kisha wakakumbuka video.

Nilikuwa nyuma ya pazia la maporomoko, natundika taa ya flashi, nilipowasikia.

"Tunataka huyu mama atoke mu kaseti," alisema Papa Léon.

"Tunakata ile sehemu," Didier akajibu. "Ni kazi ya kidogo tu."

"Apana. Ukikata pale, wakwe watasema mutoto hakutolewa. Mutoto anabaki, anatembea, anafika kwa bwana. Mama njo anatoka."

Papa Mulongo aliweka kalamu chini, nikaanza kumheshimu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayekumbuka chombo kizuri alichosahau kabatini: "Didier, ile maua inaweza kumufunika?"

Niliingia. Sikuwa mtu wa kuingilia wakubwa, lakini niliingia. Nilisema kazi ikilazimika kufanyika, basi tubaki na nakala moja kama ilivyo, isionyeshwe mtu, ikae tu. Nilisema hakuna mahali pengine duniani mama huyu alipobaki. Papa Mulongo alinitazama kwa huruma kabisa, na huruma ile ndiyo iliyonichefua kuliko ukali wowote.

"Tutaiweka wapi, Béa?"

Kaseti ya arusi ilikuwa imekwisha kuwekwa kwenye kamera kwa ubatizo wa Jumapili. Arusi ilikuwa imebaki ndani ya mashine tu, na mashine ilikuwa imejaa mpaka kooni kwa maua. Kila mtu katika chumba kile alimtazama Didier, na Didier akakaa.

Aliifanya kazi ile kama anavyofanya kazi zote, kwa ustadi. Waridi jekundu, refu kama mtu, lilitoka mlangoni mwa nyumba, likashuka ngazi, likapita kati ya akina mama waliokuwa wakipiga vigelegele. Kando yake alitembea Yvette. Tatizo lilikuwa mkono. Mkono wa Mama Anjelani ulikuwa umeshika ule wa Yvette kwa nguvu kiasi kwamba kila Didier alipoufunika, bibi-arusi alikatika kiwiko. Alijaribu, umeme ukakatika, tukawasha jenereta, akajaribu tena. Mwishowe aliuacha. Ua lilikuwa na mkono. Mkono wenye kidole kilichopinda ulitoka katikati ya petali, umemshika binti, unamwongoza.

Siku ya kuonja ya pili walileta nyama ya mbuzi. Nakumbuka mafuta kwenye videvu. Nakumbuka mwanamke mmoja, yule yule aliyepiga vigelegele nyuma ya waridi, akisema, "Inapendeza, ata inapita ile ya kwanza." Mhubiri alimung'unya mfupa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba kachumbari. Yvette alikaa kando ya mume wake, hakugusa chakula. Alisema neno moja tu.

"Na mukono?"

"Mukono haina jina," Papa Léon akajibu, mdomo umejaa.

Nilitoka nje, nikatapika kando ya jenereta. Sikuwa mgonjwa. Nilichukizwa nao wote, pamoja na ile mashine tuliyoichagua kwa vicheko juu ya meza ya kulia chakula. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimeona vita vikisukuma watu mpaka Katanika, nje ya mji, na mablanketi yao, nimeona mambo mabaya zaidi bila shaka. Lakini ubaya ule ulitendwa na watu waliokuwa wakila, wanaopenda nyimbo za kanisani, ambao hata sasa tukikutana sokoni wananiuliza habari za watoto.

Mama Anjelani alikuja mwenyewe. Nyumbani walikuwa wamemnyima hata kiti, seuze DVD ya arusi, naye alifikiri pengine sisi watu wa studio hatumo katika ugomvi. Alivaa vizuri. Papa Mulongo alimwona kwa dirisha, akaingia chooni akakaa humo. Mama aliomba aonyeshwe tu, hakuomba nakala. Nilimwambia Didier aseme mashine imeharibika. Hakusema. Aliiwasha, kwa sababu alijivunia kazi yake, nadhani alitaka mama aisifie.

Waridi lilitoka mlangoni. Mama Anjelani alilitazama likishuka ngazi. Aliinama karibu na kioo, akawatafuta watu mmoja mmoja, akawataja majina polepole, mpaka wakaisha.

"Sasa mi niko wapi?" aliuliza.

Aliendelea kutazama, kisha akainua mkono wake wa kulia, akautazama pia, akaurudisha mapajani, akaufunika na ule mwingine.

"Ah. Niko pale," alisema.

Aliaga kwa heshima. Baada ya hapo alihamia upande wa Katanika, kwa mama mmoja waliyekuwa wakiuza naye ndagala, mahali ambapo watu walikuwa na misiba yao mikubwa na hawakuwa na nafasi ya kuuliza misiba ya mwingine. Tangu siku ile hakukubali kupigwa picha na mtu yeyote. Mimi sikumaliza mwaka pale. Papa Mulongo alinisihi nibaki, akasema nina mkono mzuri kwa wateja, na neno lile, mkono, lilinifanya nifunge mzigo siku hiyo hiyo. Nilipofungua kaduka kangu mwenyewe, jambo la kwanza nililonunua lilikuwa diski, na la pili kipande cha mbao nilichoandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUFUTI MUNTU. Wateja wanafikiri ni mzaha. Nimewapoteza wengi kwa sababu ya ule ubao, na wamekwenda kwa Didier.

Didier alikuwepo matangani, amenenepa, simu tatu mezani. Nilipomuuliza alitoa wapi ule uso, alifurahi kuulizwa. Papa Léon ndiye aliyesimamia msiba. Mhubiri yule alikwisha kuhama mji, na chuki ile ikawa imezeeka, imekuwa aibu, na aibu ya wazee huvaa nguo za fahari: hema, fanfare ya tarumbeta, bango. Lakini bango lilihitaji uso. Kadi yake ya zamani ya uchaguzi ilikuwa imefutika, pale kwenye picha palibaki doa jeupe. Nyumbani hapakuwa na hata kipande, wao wenyewe walichoma.

"Donc, basi, nilifanya namna," Didier alisema. "Siku hizi machini inafanya yote, Béa. Nilikamata uso ya Papa Léon, si ni ndugu ya tumbo moja? Nikaambia programu: fanya iwe ya mwanamuke, ivutie kidogo, weka kilemba. Dakika kidogo tu. Yeye mwenyewe hajui."

Niligeuka. Papa Léon alikuwa amesimama mbele ya bango, mzee sasa, fimbo mkononi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. "Njo yeye," alikuwa akiwaambia waliomshikilia. "Njo yeye kabisa. Angalieni macho yake." Nyani haoni kundule, walisema wa zamani, lakini hata wao hawakumwona nyani akililia la kwake mbele ya umati. Niliweka kikombe chini. Nilikuwa nataka kuondoka, ndipo mtu akanigusa bega. Alikuwa Yvette.

Alikuwa mama wa watoto wakubwa, na kwenye mkoba alikuwa na DVD iliyokwaruzika. Aliniambia wakwe zake waliitunza kama ushahidi, na yeye aliitunza kwa sababu nyingine. Tulikwenda dukani kwangu kwa pikipiki moja, tumebanana. Niliiweka kwenye mashine, ikagoma, nikaifuta kwa pindo la kitenge, ikakubali. Waridi likatoka mlangoni, jekundu, baya, rangi zake zimechakaa kama kila kitu cha mtindo. Yvette akasema simamisha. Nikasimamisha. Aliniomba nichape mkono tu, nisiuguse, nisiung'arishe, hata ukungu wake uachwe. Nilimchapia, na nikahifadhi nakala kwenye diski mbele ya macho yake, kisha kwenye diski nyingine. Hapo ndipo nililia.

Tulirudi wakati jeneza linatolewa. Mbele walibeba bango, Papa Léon ameshika mti mmoja ingawa vijana walimwomba aachie. Yvette alitembea nyuma yake, ile karatasi kifuani, kidole kilichopinda kinaonekana vizuri. Njiani mzee alisimama kupumua, akageuka, akaiona.

"Hii mukono ya nani?" aliuliza.

"Ya shangazi, Papa," Yvette akasema. "Ingine yote mulifuta."

Aliangalia karatasi, akaangalia watu. Alishika tena mti wa bango, tukaendelea na njia ya makaburini, uso wake mwenyewe ukitutangulia, umevaa kilemba.